Mwananchi Alikohoa

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Mheshimiwa Ngwembe ni kidonda kwenye mdomo wake wa chini. Kilikuwa kidogo, cha mviringo, na kilikuwa kibichi. Akicheka kilipasuka. Akila nyama, mafuta ya mbuzi yaliingia ndani yake yakang'aa. Kila mara alikipitishia ncha ya ulimi, kama mtu anayehakikisha kwamba mali yake bado ipo. Nilidhani ni ugonjwa, nikamwonea huruma. Baadaye nikaelezwa kwamba si ugonjwa, ni utumishi wa umma.

Nchi yenyewe sitaitaja. Wanaokaa humo wanaijua, na wasiokaa humo wana ya kwao.

Ni nchi inayotawaliwa kwa karata. Wenye wivu husema viongozi wetu wanacheza karata badala ya kutawala. Si kweli. Kucheza ndiko kutawala. Zamani tulikuwa na Bunge, na wabunge walibishana mpaka wakasinzia, na waliosinzia walihesabiwa kuwa wamekubali. Ikaonekana ni kupoteza muda. Katiba ikarekebishwa, viti vya Bunge vikauzwa kwa kumbi za harusi, ikanunuliwa meza moja ya mraba.

Mchezo wenyewe unaitwa musi. Waliuleta mapadri wa Kibaski, watu wa milima ya mbali huko Ulaya, waliokuja kutufundisha sala na jioni wakawa hawana la kufanya. Sala tulizipokea kwa kiasi chetu. Musi tuliupokea wote.

Wanacheza watu wanne, wawili wawili. Mwenzako hakai ubavuni mwako, anakaa mbele yako, mnatazamana. Kila mmoja anapewa karata nne. Karata zenye picha zote zina thamani ya kumi, ree ni moja, na mkono unaoshinda mikono yote ni thelathini na moja. Mnashindania kokoto, na wanaotangulia kufikisha kokoto arobaini wameshinda. Mpinzani akiweka dau, mnajibu "Nataka" mkikubali, au "Basi" mkiacha. Yeyote kati yenu wawili anaweza kujibu, na neno linalotangulia ndilo linalowafunga wote. Mtu akisema "Odago", ameweka kila kitu: mchezo wote unaamuliwa na karata zilizo mkononi saa hiyo.

Halafu kuna ishara. Sheria inaruhusu umwambie mwenzako ulicho nacho kwa uso wako, bora wapinzani wasikuone. Ukiuma mdomo wa chini, una wafalme wawili. Ukitoa ncha ya ulimi, una ree mbili. Ukikonyeza, una thelathini na moja. Ukifumba macho yote mawili, huna kitu. Kwa mdomo unaweza kudanganya upendavyo, na wanaodanganya vizuri huvalishwa nishani. Lakini uso haudanganyi. Ishara ya uongo ni kosa pekee la musi lisilo na msamaha. Mapadri walifundisha mambo mengi, na katika yote hayo hilo moja ndilo lililowaingia viongozi wetu.

Mheshimiwa Ngwembe alikuwa na bahati ya wafalme. Aliuma mdomo miaka yote ya utumishi wake mpaka ukatoboka, na kwa sababu hiyo akapewa Wizara ya Afya.

*

Uaminifu wa nyuso uliwahi kuleta matatizo.

Mwaka mmoja wa ukame Mkuu wa Meza, ambaye ndiye mkubwa kuliko wote, alihutubia taifa kwenye televisheni. Alisema maghala yamejaa mahindi, kwamba panya wenyewe wameanza kulalamika kwa shibe. Aliposema "yamejaa", akafumba macho yote mawili. Hakukusudia. Uso wake ulikuwa umezoea kusema kweli, na mazoea ni mazoea.

Akina mama sokoni walikuwa wanamtazama kwenye duka la simu. Hawakupiga kelele. Walifunga vibanda, wakaenda kununua unga, na hotuba ilipokwisha hakukuwa na unga mji mzima.

Baraza lilikaa wiki nzima. Mmoja alishauri maghala yajazwe, wakamcheka mpaka akaomba radhi. Ikatungwa Sheria ya Kuheshimu Uso, inayomkataza raia kumtazama kiongozi juu ya kola ya shati anapohutubia. Tangu siku hiyo Mkuu wa Meza akihutubia, televisheni inaonyesha chungu cha maua, na sauti inatoka ndani ya maua. Watu wetu ni wabaya. Wameanza kuyasoma maua.

*

Mambo ya nchi huwekwa mezani moja baada ya jingine. Wizara ya Ujenzi iliwahi kuliweka daraja, ikalipoteza kwa Wizara ya Ulinzi, nalo likabomolewa likahamishiwa kambini, mahali pasipo na mto. Wanajeshi hulipita wakienda kula. Shule moja ilichukuliwa na Wizara ya Kilimo, na walimu wakaagizwa wawamwagilie watoto asubuhi na jioni.

Wafadhili wa nje hawakuwa na neno juu ya hayo. Walilalamikia jambo moja tu, kwamba wananchi hawashirikishwi. Ikatungwa sheria nyingine. Mali ya mahali fulani ikiwekwa mezani, mwananchi wa mahali hapo atakaa kiti cha mwenza, mbele ya Waziri anayeitetea, na serikali itampa maji ya chupa.

Ndipo ikawekwa mezani zahanati ya Mlungura, na Mlungura ni kwetu.

Ilikuwa zahanati ndogo, vitanda vinne na bati linalovuja upande mmoja. Muuguzi wake alikuwa Sista Agripina, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kufukuza mbuzi. Wizara ya Ardhi ilikitaka kiwanja. Ilitaka kujenga Ukumbi wa Ushirikishwaji wa Wananchi.

Dada yangu Kabula alikuwa mjamzito, miezi ya mwisho. Uzazi wake wa kwanza nusura umuue, damu ilikataa kukatika, na Sista Agripina alimpigania usiku kucha mpaka akamrudisha, yeye na mtoto. Safari hii Sista alimwambia mbele yangu, "Wewe usizalie nyumbani, na usizalie njiani. Utazalia hapa, kitanda hiki, na mimi nikiwa nimesimama hapa. Umenisikia?"

"Nimesikia, Sista."

"Rudia."

"Kitanda hiki, na wewe umesimama."

Wilayani ni mbali, na barabara yake ilipotezwa mezani kabla sijazaliwa.

*

Maofisa walikuja kuchagua mwananchi wa kushirikishwa. Walitukusanya uwanjani, wakiongozwa na Bwana Luhende, ambaye cheo chake ni Mtunza Kokoto wa Taifa. Ndiye anayesimamia michezo yote mikubwa. Alikuwa na mfuko wa ngozi kiunoni, na alitembea taratibu ili kokoto zisikike.

"Tunataka mwanamke," akasema. Wanawake tukasimama.

"Kijana." Wengine wakakaa, wakinung'unika kwamba wao ni vijana.

"Asiyemaliza shule ya msingi." Tukabaki wachache. Mimi niliishia la tano, mama alipougua.

Bwana Luhende alifurahi. Alimgeukia mwenzake akamweleza kwa sauti ya kutosha kwamba mwanamke, kijana na asiyesoma ni makundi matatu, na hapa yanakaa kiti kimoja, kwa hiyo serikali imeokoa viti viwili.

"Na mwisho," akasema, "awe mtu asiyependa maneno."

Watu wote wakanitazama. Mama Shija muuza dagaa akasema, "Mchukueni Nyamizi. Huyo ukimkanyaga mguu anakuomba radhi."

Walicheka, nami nikatazama chini. Bwana Luhende akaandika jina langu.

Nilifundishwa siku chache, kwenye darasa lisilo na madawati. Karata zenyewe si ngumu. Nilizipenda. Ugumu ulikuwa kwenye uso, maana sijazoea kumtazama mtu.

"Konyeza," Bwana Luhende aliniambia.

Nikakonyeza.

"Hiyo ni ya mapenzi, binti. Konyeza kitaifa."

Nikajaribu tena. Akatikisa kichwa, akanionyesha yeye. Jicho lake lilifumba polepole kama mlango wa benki.

"Sasa shika hili moja, hata ukisahau mengine yote. Mwananchi hushiriki kwa uso. Mdomo ni wa Waziri. Sema."

"Mdomo ni wa Waziri."

"Vizuri sana. Unaona? Hata kusema umesema vizuri."

"Lakini sheria inasema yeyote kati ya wawili anaweza kujibu," nikasema. Nilisema chini chini.

Alinitazama kama mtu aliyeona kuku akisoma gazeti. "Hiyo ndiyo sheria," akasema. "Mimi nakufundisha utaratibu."

Nilipomweleza Kabula nyumbani, alicheka mpaka akashika tumbo. Alikuwa ameketi kwenye mkeka amenyoosha miguu, imevimba.

"Watasoma nini usoni kwako?" akasema. "Uso wako siku zote uko chini. Labda wasome kisogo."

"Nitaunyanyua."

"Unyanyue kweli, mdogo wangu. Na ukipata karata, usikae nazo kama unavyokaa na njaa."

*

Mchezo ulifanyika asubuhi, chini ya turubai, mbele ya zahanati yenyewe. Wagonjwa walitolewa nje ili vitanda vipumzike. Kwanza palikuwa na chakula cha waheshimiwa.

Mheshimiwa Ngwembe, Waziri wa Afya, alikuwa upande wetu. Upande wa pili alikuwa Mheshimiwa Shilatu, Waziri wa Ardhi, na mwenza wake aliyekuwa shemeji yake, Bwana Mkopi. Wao hawakuhitaji mwananchi kwa sababu hawakuwa na cha kupoteza. Nilidhani wapinzani watakula mbalimbali. Walikula sinia moja. Mheshimiwa Shilatu alichambua nyama ya mbavu kwa vidole vyake, akamtilia Mheshimiwa Ngwembe mdomoni, na Mheshimiwa Ngwembe akavilamba na vidole. Mafuta yalishuka kidevuni mpaka kwenye tai. Wakapiga mbweu, mmoja akianza na mwingine akiitikia. Hawakunawa. Karata zilipogawiwa zilikuwa zimeshaanza kunata.

Mheshimiwa Shilatu alisimama kuhutubia.

"Ndugu wananchi," alisema, "zahanati ni nini? Zahanati ni mahali pa wagonjwa. Je, Serikali hii inataka muwe wagonjwa? Haitaki. Kwa hiyo anayetetea zahanati anawatakia magonjwa. Mimi nawatakia ukumbi. Katika ukumbi huo mtashirikishwa mkiwa mmekaa, tena kwenye viti vyenye migongo."

Watu walipiga makofi, maana mpiga picha alikuwa amewageukia. Mheshimiwa Ngwembe naye alisimama akasema ataitetea zahanati mpaka tone la mwisho la damu yake. Kidonda kilikuwa kimepasuka tena, kwa hiyo tone lenyewe tuliliona.

Nilikaa kwenye kiti changu. Nyuma yangu, karibu kabisa, alisimama Kabula, amejishikiza kwenye nguzo ya turubai kwa sababu ya uzito. Sista Agripina alikuwa kando yake. Mbele yangu ulikuwa uso wa Waziri.

Tulicheza vizuri. Nasema kweli, na waliokuwapo wataniunga mkono. Mwanzoni tulikuwa nyuma, halafu nikaanza kuzoea. Mheshimiwa akiuma mdomo, nilijua ana wafalme wawili, na kweli walikuwapo. Nikitoa ncha ya ulimi, alijua nina ree. Niliona haya kumtolea ulimi mtu mkubwa, lakini nilitoa. Kokoto zetu zikaongezeka. Watu waliokuja kwa ajili ya soda wakaanza kusogea wenyewe. Mama Shija akawa anasema kila mara, "Huyu si alikuwa haongei? Mtazameni."

Tulifika mahali wapinzani walibakiza kokoto moja tu wamalize, nasi tulibakiza chache. Mtu yeyote anayejua musi ataelewa maana yake. Mpinzani anapobakiza kokoto moja, huwezi kusema "Basi", hata ukiwa na takataka mkononi, kwa sababu ukiacha anapata hiyo moja na mchezo umekwisha. Akiweka dau lolote, unataka. Watoto wanaocheza kwa vifuniko vya soda wanalijua hilo.

Bwana Luhende akagawa karata za mwisho. Nilizifungua kidogo kidogo. Mfalme. Mfalme. Mfalme mwingine. Ya nne ilikuwa imegandana na mafuta, nikaibandua kwa kucha. Ree ya kopa.

Thelathini na moja.

Nilinyanyua uso. Mheshimiwa Ngwembe alikuwa ananitazama. Nikakonyeza, polepole, kitaifa, kama nilivyofundishwa. Aliniona. Najua aliniona kwa sababu inzi alitua kwenye kidonda chake naye hakumfukuza. Alibaki ananitazama, kisha macho yake yakapanda kidogo juu ya bega langu, yakarudi kwangu. Akafumba macho yote mawili.

Nikaelewa kwamba yeye hana kitu. Haikunisumbua. Nilichokuwa nacho mimi kilitutosha sote.

Mheshimiwa Shilatu hakutazama hata karata zake. Alikuwa anachokonoa meno kwa njiti.

"Odago," akasema.

Mheshimiwa Ngwembe akasafisha koo, akameza alichokitoa. Akafungua mdomo, na mimi nikaona namna ulivyokuwa unafunguka. Haukuwa unafunguka kwa neno nililolitaka.

"Nataka," nikasema.

Sauti yangu ni ndogo, lakini ilisikika. Sista Agripina alipiga kofi moja. Kabula nyuma yangu alivuta pumzi.

Bwana Luhende akainua kichwa. "Nimesikia kitu?"

"Amekohoa," akasema Mheshimiwa Ngwembe.

"Pole, binti," akasema Mheshimiwa Shilatu. "Vumbi la huku."

"Nataka," nikasema tena. "Nina..."

"Anakohoa tena masikini," akasema Bwana Mkopi, yule shemeji. "Apelekwe zahanati."

Wakacheka wote wanne, maana Bwana Luhende naye alicheka. Akatangaza kwenye kipaza sauti: "Iingie kwenye kumbukumbu kwamba mwananchi alikohoa. Serikali inajali. Iletwe dawa."

Kijana wa itifaki alikimbia ndani ya zahanati akarudi na chupa ya dawa ya kifua. Bwana Luhende aliimimina mwenyewe kwenye kijiko cha chakula, akaniinamia, akanishika kidevu kwa vidole vyake vyenye mafuta.

"Fungua," akasema. "Meza."

Ilikuwa nzito na tamu mno. Ilinijaa mdomoni mpaka puani. Na wakati ingali mdomoni, nikiwa siwezi kuitema mbele ya watu wakubwa wala kuimeza, Mheshimiwa Ngwembe alisema, "Basi."

*

Kukusanya karata ni kazi ya mwananchi. Hiyo nayo ni sehemu ya kushirikishwa. Nilikusanya za Mheshimiwa Shilatu na shemeji yake: saba, nne, tano, vitu vya namna hiyo. Nilikusanya za Mheshimiwa Ngwembe. Malkia wawili, ghulamu na ree.

Nilizihesabu, nikazihesabu tena. Na yeye alikuwa na thelathini na moja.

Nimekua nikiona watu wakidanganya kwa mdomo. Sikuwahi kuchukizwa sana, ni kama kuona watu wakitema mate barabarani. Lakini sikuwahi kuona uso ukidanganya.

Nilimfuata Bwana Luhende alipokuwa anafunga mfuko wake. Nikamwonyesha zile karata nne.

"Alifumba macho," nikasema. "Na alikuwa na hizi."

Alizitazama. Kwa muda mfupi sana nilidhani nimemwona mtu ndani yake. Kisha akazichukua, akazichanganya na nyingine.

"Alifumba kwa sababu ya jua," akasema.

"Tulikuwa chini ya turubai, Bwana."

"Basi alifumba kwa sababu ya turubai." Akafunga kamba ya mfuko. "Binti, umecheza vizuri. Usiharibu."

Pale mbele Mheshimiwa Ngwembe alikuwa anahutubia. Alisema kushindwa kwa heshima ni ushindi wa aina yake. Alisema ameonyesha ukomavu, kwa kuwa mtu asiye mkomavu angekubali odago na kuleta mvutano kati ya wizara mbili ndugu. Alimpongeza mwananchi aliyeshiriki licha ya kikohozi. Muda si mrefu akateuliwa kuwa Mwenyekiti wa Bodi ya Ukumbi, na mkwewe akapata kazi ya kuujenga, kwa ushindani ulio wazi ambao hakuna mwingine aliyeuona.

Uso wa kwanza ulipodanganya, nyingine hazikukawia. Siku hizi viongozi wanakonyeza wakiwa na takataka, wanauma midomo wakiwa hawana mfalme hata mmoja, na imepitishwa kanuni kwamba uso wa kiongozi unaweza kufanyiwa marekebisho kama ulivyo muswada wowote. Chungu cha maua kimeondolewa kwenye televisheni. Mkuu wa Meza ameanza kuonekana tena, macho wazi, anatabasamu.

*

Zahanati ilibomolewa na vijana waliolipwa kwa kofia. Vitanda vilipelekwa ghala la Wizara. Sista Agripina alihamishiwa makao makuu, Kitengo cha Usafi wa Karata, ambako anazifuta mafuta kwa pamba na spiriti. Siku anaondoka alikuja nyumbani, akamshika Kabula tumbo kwa mikono miwili, hakusema kitu. Yule mwanamke wa sauti ya kufukuza mbuzi.

Uchungu ulimshika Kabula asubuhi, kabla ya siku zake. Tulimpakia kwenye pikipiki ya Masanja, yeye katikati na mimi nyuma nikimshika, tukaiandama ile barabara isiyokuwapo. Alizaa njiani, kwenye kivuli cha ukuta wa kisima cha ng'ombe. Masanja alivua koti lake, akageuka akatazama ng'ombe.

Nilimfunga mtoto kwenye koti. Kabula aliniuliza ni wa kike au wa kiume. Nikamwambia wa kike.

Akauliza, "Mbona kimya?"

Kabula mwenyewe tulimfikisha wilayani. Yu hai. Anakula akiwekewa chakula.

Mheshimiwa Ngwembe alikuja msibani na magari. Alikaa kwenye mkeka, akashusha pumzi, akauma mdomo kwa huzuni. Wazee wawili waliokaa karibu wakanong'onezana kwamba ana wafalme wawili. Mwingine akasema siku hizi hujui. Mheshimiwa alituletea mfuko wa sukari na pakiti mpya ya karata zenye picha yake mgongoni. Alipoondoka, Kabula aliuliza kama ameondoka kweli, kisha akaomba maji, akaosha mahali Mheshimiwa alipokuwa amekaa.

*

Ukumbi wa Ushirikishwaji ulifunguliwa juzi. Ni mzuri, una viti vyenye migongo kama tulivyoahidiwa. Walinipeleka kwa gari, wakanivisha kitenge chenye maandishi, wakaniambia nitakata utepe na kusema maneno machache. Maneno waliniandikia. Yalikuwa haya: Mimi ni mwananchi. Nilishirikishwa. Nashukuru.

Nilikata utepe. Bwana Luhende akanisogezea kipaza sauti, akakishusha kifike usawa wangu. Mheshimiwa Ngwembe alikaa mstari wa mbele, mbele yangu kabisa, kama tulivyokaa siku ile. Kidonda kimepona. Haumi tena mdomo kwa kweli, anaigiza tu.

Nikafungua mdomo. Pale ndani, nyuma ya meno, palikuwa na ule utamu, mzito, haujawahi kuondoka. Nikasimama hivyo. Watu wakasubiri. Halafu mtu fulani akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata, na mtangazaji akawaambia wasikilizaji kwamba mwananchi ameshindwa kusema kwa furaha. Muziki ukapigwa. Mheshimiwa akanipa mkono wake, ulikuwa na majimaji. Niliufuta wangu kwenye kile kitenge, nikarudi nyumbani.

Haya ndiyo maneno yaliyokuwa nyuma ya meno yangu. Nilipokukonyeza, dada yangu Kabula alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu na tumbo lake. Ulituona sote watatu, Mheshimiwa, ndipo ukafumba macho.